Diski Iliyoshiba

Fomu ilishajazwa yote. Palibaki mstari mmoja tu chini, wenye nukta nukta, na kalamu ilikuwa imelazwa juu yake kwa adabu kabisa, kifuniko kimeshavuliwa.

"Hapo tu," alisema Mkuu wa Ofisi ya Ramani. "Tia sahihi, upate chai, urudi zako makao makuu jua likiwa bado pole."

Mkaguzi wa mitambo hakuigusa kalamu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, aliyeuburuta kidogo mguu wa kushoto tangu siku aliposukumwa ngazini na mshukiwa mmoja, zamani za upolisi. Kazi yake huko ilikuwa kupekua kompyuta za watu, na huko ndiko alikopewa jina la Kiroboto, kwa kuwa akishaingia kwenye nguo yako hatoki mpaka uivue. Alipohamia ukaguzi jina lilimfuata. Hakulikataa, maana mtu huwezi kukataa kitu cha kweli.

Aliisoma fomu kutoka juu hadi chini, kisha akaisoma tena. Ilisema kwamba kompyuta kuu ya ramani imejaa na imegoma kufanya kazi. Mhusika: mchora ramani mwandamizi, kwa kuijaza mambo yake binafsi. Hatua: kompyuta ifutwe yote, ibakizwe ramani ya mwisho tu ya kila kitalu, na mhusika aachishwe kazi leo hii. Kanuni ilikuwa moja nchi nzima, kwamba kompyuta ya serikali haifutwi bila sahihi ya mkaguzi. Ndiyo maana aliitwa, na ndiyo maana chai ilikuwa tayari.

"Mambo yake binafsi," alisoma kwa sauti. "Yapi?"

"Yake. Ya binafsi."

"Nakuuliza ni mnyama gani, unaniambia ana miguu minne. Picha? Filamu? Nyimbo?"

Mkuu alikuwa bonge la mtu, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Alicheka kidogo, cheko la kumpisha mgeni mlangoni. "Dada yangu, saa nane mchana natakiwa kutia mhuri ramani ya Kitalu cha Kumi na Saba. Wajenzi wanaisubiri. Printa kubwa haichapi, maana mashine haina nafasi hata ya kupumua. Yule mzee ameshiba miaka thelathini na minne ya kazi, sasa anatushibisha na sisi. Futa, tuendelee."

"Nitafuta nikishajua nafuta nini."

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Basi fomu ina kasoro," alisema Kiroboto, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni, pamoja na kalamu ya Mkuu.

Ufunguo wa chumba cha ramani ulikuwa mmoja tu, na ulitunzwa na mhazili ambaye ofisi nzima ilimwita Funguo. Meza yake ilikaa mdomoni mwa ukumbi, na hakuna aliyepita bila kukaguliwa na miwani yake. Nyuma yake kulikuwa na ubao wenye misumari, kila msumari na ufunguo wake. Kabla Kiroboto hajafungua mdomo, Funguo alishamsogezea daftari kubwa lililochakaa kingo.

"Jina, saa, ufunguo gani. Ukiurudisha unaandika tena."

"Mkuu wako ameshaniruhusu."

"Mkuu wangu hatunzi funguo. Hata malaika akishuka kuuchukua, ataandika jina lake na saa aliyoshuka."

Kiroboto alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akaandika: saa tatu na robo.

Kwenye benchi mkabala na meza walikuwa wameketi mzee na mkewe. Mzee alivaa miwani myeusi na alikuwa na barua ya kuachishwa kazi mapajani, ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayehofia isipeperuke. Mkewe alishika chupa ndogo ya dawa ya macho. Haikuhitaji upelelezi kujua ni nani hao.

"Shikamooni."

"Marahaba," aliitikia mke, akimpima kwa macho. "Wewe ndiye uliyeletwa kumfuta mume wangu?"

"Nimeletwa kufuta kompyuta, mama."

"Ni yale yale."

"Bado sijafuta kitu."

"Haya. Anza na mwenye kosa, ukimpata," alisema Bibi, akamgeukia mumewe na kumwinua kidevu ili amtie tone.

Chumba cha ramani kilikuwa na dirisha moja, printa pana inayotosha kulaza mtu, na meza mbili. Kwenye meza ya kwanza alikwenda kuketi mpima ardhi aliyekuwa akingoja mlangoni ufunguliwe, mtu wa makamo aliyeunguzwa na jua la porini, anayetafuna karanga na kuficha maganda kwenye droo. Meza ya pili ilikuwa ya mzee, na chini yake kompyuta kuu ilinguruma, imefunikwa kitambaa cheupe dhidi ya vumbi. Ukingoni mwa kioo kilibandikwa kipande cha karatasi chenye neno la siri la mzee, kwa herufi kubwa kama za tangazo la mkutano wa hadhara.

"Hili hukaa hapa siku zote?" aliuliza Kiroboto.

"Tangu macho yake yaanze kufifia," alijibu Mpima. "Neno la siri hilo, mkaguzi, hata anayefagia analijua."

Kiroboto alivuta kiti. Hakuanza na akaunti ya ukaguzi, ile inayofungua kila chumba. Alianza na akaunti ya kawaida ya Mpima, kwa sababu alitaka kwanza kuona wanachokiona wao. Akatoa daftari lake dogo, akaandika juu ya ukurasa: gigabaiti elfu mbili. Huo ndio ulikuwa ukubwa wote wa diski. Kisha akaanza kuita waliomo ndani, mmoja mmoja, kama mwalimu na daftari la mahudhurio.

Ramani za mwisho, zile rasmi, zilikuwa mia tatu na sitini. Kila moja ilikula nusu gigabaiti. Akaandika mia na themanini. Mfumo wenyewe wa kompyuta na programu za kuchorea zilikula mia moja. Pipa la vilivyofutwa lilikuwa na nne tu. Alitafuta virusi, hakupata hata mdudu wa kusingizia. Halafu akafika kwenye folda iliyoitwa "Vipimo vya Milimani", akasimama.

"Hivi ni vipimo vyako?"

Karanga zilikoma kutafunwa. "Ndiyo... ni vya zamani."

Kiroboto alifungua cha kwanza. Chumba kikajaa kelele za mashabiki, na mtu mwenye jezi nyekundu akapiga mpira ukagonga mwamba.

"Mlima huu una kelele," alisema Kiroboto.

"Mkaguzi, naomba usiniharibie. Ni fainali tu. Za miaka kumi. Siku za mvua hatuendi porini, tunakaa hapa kutazamana na mzee kama picha ukutani."

"Gigabaiti sitini za fainali."

"Sitini?" Mpima alijishika kichwa. "Kwa hiyo ni mimi. Mimi ndiye niliyeijaza, na mzee anafukuzwa kwa ajili yangu!"

Alikuwa ameingiwa na hofu ya kweli, na Kiroboto alimhurumia, lakini hakumwambia kitu mpaka alipomaliza kujumlisha. Mia na themanini, na mia moja, na nne, na sitini. Akapiga mstari. Mia tatu arobaini na nne.

"Tulia. Wewe umeiba embe moja kwenye shamba lililochumwa lote. Hapa hapaonekani gigabaiti elfu moja mia sita na hamsini, na ushee. Kuna mtu anakula humu ndani na sahani yake haionekani."

Alitoka kwenye akaunti ya Mpima na kuingia kwa akaunti ya ukaguzi. Safari hii kompyuta ilimwonyesha na vile vyumba ambavyo kila mfanyakazi hujifungia mwenyewe. Cha Mpima kilikuwa kitupu. Cha Mkuu kilikuwa na barua na hotuba, gigabaiti sita tu, uzito wa unyoya. Cha mzee kilichukua muda mrefu kujihesabu, namba zikipanda, zikipanda, hata Mpima akainuka kuja kuzitazama. Zilisimama zilipofika elfu moja mia sita na hamsini.

Mlango ulifunguliwa. Mkuu hakubisha hodi; alikuwa ameshachungulia kioo kabla mguu wa pili haujaingia.

"Sikusema?" alisema, na sauti yake ilinona. "Chumba cha nani hicho? Soma jina."

"Cha mzee."

"Basi! Kalamu unayo. Sahihi."

"Nimejua sahani ni ya nani," alisema Kiroboto. "Sijajua kilichopakuliwa."

Alifungua folda. Hapakuwa na picha wala filamu wala wimbo. Kulikuwa na ramani. Kitalu cha Kwanza, karatasi ya kwanza. Kitalu cha Kwanza, karatasi ya pili. Ya tatu. Ya tisa. Alishuka chini mpaka kidole kikachoka: karatasi elfu tatu na mia tatu, kila moja nusu gigabaiti. Alifungua mbili zinazofuatana, akaziweka bega kwa bega. Zilikuwa ramani ile ile, ila kona moja ya mpaka imesogezwa unene wa unywele. Pembeni, kwenye kisanduku kidogo, paliandikwa namba ya karatasi, tarehe, na neno "Sababu", likifuatiwa na maelezo: jiwe la mpaka limeonekana chini ya kichaka.

"Upuuzi mtupu," alisema Mkuu. "Ramani moja mara kumi! Huo ndio ujazaji wenyewe."

"Niitie mzee."

"Huyo si mfanyakazi tena."

"Fomu haijatiwa sahihi. Mpaka nitie, ni mchora ramani mwandamizi wa ofisi hii. Mpima, nenda kamwite Babu Penseli."

Hakuna aliyekuwa amemtajia jina hilo. Alilisoma kwenye kikombe kilichowekwa penseli, pembeni mwa kompyuta. Mzee aliingia ameshikwa mkono na mkewe, akavua miwani myeusi, na macho yaliyooshwa upya yakamtazama Kiroboto bila woga.

"Babu, mbona kila ramani umeihifadhi mara kumi, mara kumi na tano?"

"Kwani ninyi mnahifadhije?" aliuliza mzee, naye alishangaa kweli.

"Tunahifadhi juu ya ile ile."

"Mnafuta!"

"Tunafuta, ndiyo."

Mzee alitikisa kichwa kama aliyesikia matusi. "Mwanangu, mimi nilifundishwa kwa wino, kwenye karatasi ile nyembamba inayoonyesha upande wa pili. Mwalimu wetu alikuwa na rula ya chuma. Ukikwangua mstari kwa wembe ili uufute, anakuchapa vidole. Alisema mstari wa mpaka haufutwi. Ukibadilika, chukua karatasi mpya, chora upya, andika namba, andika sababu, ile ya zamani iweke chini yake. Atakayekuja kesho aone ulitoka wapi. Walipoleta kompyuta walitufundisha siku tatu. Hakuna aliyesema kanuni imebadilika."

"Nyumbani ni hivyo hivyo," alidakia Bibi. "Ana kalenda za tangu tulipooana. Nikimwambia atupe, ananiambia, 'Huo mwaka ulikuwepo.' Nimeolewa na ghala."

Mpima alicheka, akajizuia. Hata Kiroboto alilazimika kuinamia daftari lake. Kosa lilikuwa hilo, basi: mtu mmoja mwaminifu mno, aliyeipa mashine tabia ya karatasi, na mashine ikavimbiwa. Angeweza kuishia hapo. Angeandika "uzembe usio wa makusudi", mzee akaenda nyumbani na aibu yake, ramani elfu tatu na mia tatu zikafutwa kabla ya saa sita.

Lakini mtu anayetaka kufukuza panya hachomi nyumba. Haraka ile ya Mkuu ilimwasha.

"Babu, diski ilijaa lini hasa?"

"Jumatatu. Siku niliyorudi kazini. Nilichora karatasi moja, nikabonyeza kuhifadhi, ikakataa. Ikasema imejaa."

"Karatasi ipi?"

Mzee alimtazama Mkuu, kisha akaitazama barua yake. "Kitalu cha Kumi na Saba. Karatasi ya kumi na tano."

"Mzee ana mengi," alisema Mkuu. "Saa zinakwenda."

"Zinakwenda kwa wote," alisema Kiroboto, akageukia kibodi.

Kama mzee hakufuta kitu, basi kila ramani rasmi ilipaswa kuwa pacha wa karatasi ya mwisho ya kitalu chake. Hilo linapimika. Aliiagiza kompyuta ilinganishe moja moja, ukubwa kwa ukubwa, mstari kwa mstari. Ilichukua dakika ishirini. Hakuna aliyekaa. Mpima alisahau karanga, Bibi alishika chupa ya dawa bila kuitia, na Mkuu alitazama saa yake mara tano.

Mia tatu hamsini na tisa zililingana. Moja haikulingana.

Aliziweka mbili bega kwa bega kiooni. Kushoto, karatasi ya kumi na nne ya mzee: Kitalu cha Kumi na Saba, uwanja wa shule ya msingi, magoli mawili, mstari wa mpaka nyuma ya goli la mbali. Kulia, ramani rasmi, ile iliyosubiri mhuri saa nane: uwanja ule ule, lakini mpaka umerudi ndani hatua arobaini. Goli la mbali lilikuwa limebaki nje, upande wa wajenzi. Kisanduku cha sababu kilikuwa kitupu.

"Ndiyo huo," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Nilirudi nikaukuta. Nilitaka kuurudisha, mashine ikanikatalia. Nikaenda kwa Mkuu na mambo mawili: kwamba mashine imejaa, na kwamba mstari ule si wangu. Alilisikia la kwanza tu."

"Uongo wa mchana!" Mkuu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mkaguzi, soma hapo. Aliyehifadhi ramani hii ni nani? Akaunti ya nani?"

Kiroboto alisoma. Hakuwa mtu wa kuficha kisichompendeza. "Akaunti ya mzee. Tarehe kumi mwezi uliopita, saa tano na dakika kumi asubuhi."

Bibi aliiweka chupa ya dawa mezani.

"Kumbe si kujaza mashine tu," alisema Mkuu polepole. "Ni mghushi. Nilitaka kumstahi aende nyumbani kwa amani. Sasa nitaita polisi."

"Usiite!" Bibi alisimama mbele ya mumewe, mfupi kuliko yeye lakini akamziba wote. Alifungua mkoba, akachambua vitambaa na funguo na tembe, akatoa kadi ya hospitali na kuipiga mezani. "Soma na hapo, wewe mpenda kusoma. Alilazwa tarehe tisa, katolewa mtoto wa jicho. Karuhusiwa tarehe kumi na mbili. Tarehe kumi nilikuwa namlisha kwa kijiko kama kitoto kichanga, na kijiko kikikosea mdomo ananiuliza alimwoa lini adui!"

Kiroboto aliitazama kadi. Mhuri wa hospitali, tarehe, sahihi ya daktari. Akaandika kwenye daftari lake.

"Basi mtu mwingine kaketi kwenye kiti hiki," alisema. "Neno la siri analijua kila mtu. Mpima?"

"Nilikuwa porini tangu tarehe nane hadi kumi na nne. Na watu sita."

"Tutawauliza wote sita. Mlango una ufunguo mmoja?"

"Mmoja," alisema Mpima. Kisha akakoma, na macho yake yakaenda mlangoni, ukumbini, kwenye meza ya Funguo. Ya Kiroboto yalishafika zamani.

Funguo alileta daftari mwenyewe. Alilibeba kifuani kwa mikono yote miwili, akaliweka juu ya kibodi, akafungua ukurasa bila kutafuta.

"Tarehe kumi," alisema. "Ufunguo wa chumba cha ramani umetoka saa nne na dakika hamsini. Umerudi saa tano na dakika arobaini."

"Mbona safu ya sahihi ni tupu?"

"Aliyeuchukua alikataa kutia sahihi. Alisema yeye hatii sahihi kwenye ofisi yake mwenyewe. Kwa hiyo niliandika kama ninavyoandika siku zote." Funguo alisukuma miwani juu, akasoma kwa sauti ya kusomea matokeo ya mtihani: "'Mkuu. Kakataa kutia sahihi.'"

Ukurasa ule ulikuwa na mistari mitatu ya namna hiyo. Mkuu hakuwahi kuisoma. Kwa miaka yote alipita mbele ya daftari lile akidhani ni la wadogo.

"Niliingia kutafuta barua," alisema. Shati lilikuwa bado limenyooka, lakini shingo ilianza kulowa.

"Dakika hamsini?"

"Mimi ndiye mkuu hapa! Naingia nikitaka, natoka nikitaka." Alimgeukia Kiroboto, akapunguza sauti. "Dada, sikiliza. Diski imejaa, hilo ni kweli. Aliyeijaza umemwona, hilo nalo ni kweli. Tia sahihi kwenye yale uliyotumwa, mengine si ya kwako. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Langu lilishavunjika," alisema Kiroboto, akalipiga kofi goti lake la kushoto. "Nikaendelea kutosikia."

"Nitakuandikia makao makuu."

"Andika. Jina langu lina herufi nane, usikosee. Hii ofisi ina mzee aliyekaa miaka thelathini na minne bila kufuta hata mstari mmoja, na mhazili anayemwandika mkubwa wake akikataa kujiandika. Halafu wewe, unayefuta uwanja wa watoto kwa dakika hamsini, ndiye unayetaka nisaidie kufuta na ushahidi! Siendi kokote, na mashine hii haifutwi."

"Basi nitaifuta mwenyewe!"

Mkuu aliinama kuushika waya. Kiroboto hakumzuia kwa mkono. Alimwonyesha ufunguo uliokuwa unaning'inia kidoleni.

"Ufunguo wa chumba hiki umetoka kwa jina langu, saa tatu na robo. Mpaka niurudishe, chochote kikiharibika humu naulizwa mimi, na mimi nitamtaja aliyekigusa mbele ya mashahidi wanne. Achia waya, utoke nje."

Mkuu aliwatazama mmoja mmoja. Mpima, ambaye asubuhi ile alificha maganda ya karanga kwenye droo, alikuwa amekwenda kusimama kati yake na kompyuta, mikono nyuma. Mkuu aliachia waya. Alipopita mlangoni Funguo alimsogezea daftari, na kwa mara nyingine hakutia sahihi.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya utaratibu, na Kiroboto aliifanya bila haraka. Alinakili karatasi zote kumi na nne za Kitalu cha Kumi na Saba na ramani ile ya uongo kwenye diski yake ndogo, pamoja na kumbukumbu za nani alihifadhi nini na lini, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa nta, Mpima na Funguo wakatia sahihi juu yake. Akapiga picha ukurasa wa daftari na kadi ya hospitali. Akapiga simu makao makuu, akaongea dakika nne. Jibu lilikuwa fupi: wanakuja watu wawili kabla ya saa saba, Mkuu asitoke, na Kitalu cha Kumi na Saba kisitiwe mhuri ila kwa mpaka ambao mchoraji mwenyewe anaukubali.

"Babu," alisema, akimpisha kiti. "Ile karatasi ya kumi na tano."

Mzee aliketi. Alipangusa kioo kwa kiganja, akasogeza uso, akausogeza nyuma; alikuwa bado hajazoea kuona vizuri. Kisha akauchukua mstari kutoka pale ulipopachikwa, akaurudisha hatua arobaini, nyuma ya goli la mbali. Alipofika kwenye kisanduku cha sababu akasimamisha kidole juu ya kibodi.

"Andika, baba," alisema Bibi. "Macho yanakauka."

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na wote nyuma yake wakasoma pamoja naye. Sababu: mpaka umerudishwa mahali pake. Aliyeusogeza si mimi.

Akabonyeza kuhifadhi. Katikati ya kioo kikatokea kisanduku cha kijivu. Diski imejaa.

Mpima alishusha pumzi ndefu, akauinamia mgongo wa mzee, akakishika kipanya, akaenda kwenye "Vipimo vya Milimani".

"Zote?" aliuliza Funguo. "Hata ile ya mikwaju ya penalti?"

"Hata hiyo. Usinikumbushe." Akafuta, akalimwaga na pipa, akageuza uso dirishani.

Mzee akabonyeza tena. Kompyuta ilinguruma kidogo chini ya kitambaa chake cheupe, ikakubali. Kitalu cha Kumi na Saba, karatasi ya kumi na tano. Mpima akaituma kwenye printa kubwa, nayo ikakohoa vumbi la siku tatu, ikaanza kuutoa uwanja wa shule, kiganja kwa kiganja, na magoli yake mawili.

Kiroboto alitoa ile fomu mfukoni, akaipasua vipande vinne. Kalamu ya Mkuu akaiweka kwenye kikombe cha penseli. Alikuwa ameshafika mlangoni, anakwenda kuandika saa ya kurudisha ufunguo, mzee alipomwita.

"Mwanangu, nimeshaelewa kosa langu. Sasa hizi za zamani za Kitalu hiki, kumi na nne, nizifute? Nisije nikawajazia tena."

Kiroboto aligeuka, mkono kwenye kitasa.

"Tutakununulia diski nyingine, Babu. Ila ukifuta hata moja, barua ya kukufukuza nitaiandika mimi mwenyewe."